Kamera ya Kuinamia

Ilemela, Mwanza
12 Februari 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Na ile kamera kubwa ndiyo iliyobaki kichwani mwangu tangu tuliposhuka melini. Ulitusindikiza mpaka getini ukisema tusijibu haraka, nami nikaitikia, lakini moyo ulikuwa umeshajibu.

Ona sasa, hata salamu sijatoa. Shikamoo Shangazi. Goti linasemaje? Dada Selina hajambo? Tulipofika tulimkuta Baba amekuja mjini kununua dawa za ng'ombe, akalala kwetu siku moja. Mama yuko Magu, mzima, analalamika kwamba nyumba imekuwa kubwa tangu niolewe.

Sisi hatujambo. Nasema "sisi" na bado nacheka peke yangu, maana juzi juzi tu nilikuwa "mimi". Chumba chetu kiko juu ya mawe. Asubuhi tukifungua dirisha ziwa lote linaingia ndani, na ndege ya Dar inapita karibu kama inataka chai. Odera huamka kabla yangu, akawasha jiko la gesi, akaniletea chai kitandani. Nimemsimulia mama wa jirani, akaniambia subiri mwaka uishe. Sisubiri kitu. Mwaka huu ni wangu.

Sasa kamera. Watu wametuletea vyombo na mashuka, wewe peke yako ndiye uliyemwambia mume wangu achague kati ya kamera zako mbili za mkanda mpana, zilizokulisha miaka yote ya studio. Asante haitoshi. Kazi za harusi anazifanya kwa kamera ya kisasa, ndizo zinazotulipia pango, lakini mapenzi yake yako kwenye mkanda. Anasafisha picha bafuni kwetu, gizani, na mimi nakaa nje ya mlango nikimpigia hadithi.

Nimezilinganisha vizuri. Yashica, ile ya macho mawili, ni nyepesi, haina kelele, picha zake za mraba. Lakini lenzi yake ni hiyo hiyo moja, haibadilishwi. Tena mtu anaishika tumboni na kuinama achungulie kwa juu. Odera alipoishika pale mezani kwako niliona utosi wake tu. Mume wangu ana uso mzuri, Shangazi, aufiche kwa nini? Alionekana kama mtu aliyedondosha sindano. Pentax ina lenzi tatu, picha zake pana zaidi, na akiinua ile mashine usoni anasimama wima kama mwanajeshi. Watu wakimwona watajua huyu ni mpiga picha wa kweli, si wa kubahatisha.

Basi tumeamua Pentax.

Mwanao mwenye furaha,
Rebeka


Bukoba
1 Machi 2024

Mwanangu Rebeka,

Marahaba. Goti ni lile lile, mvua ikinyesha linajua kabla yangu. Selina anakusalimu. Asante kwa kuandika kwa mkono. Simu kwangu siku hizi ni kelele tu, na meseji zenu zinaisha kabla sijavaa miwani.

Unasema mmeamua. Ni wewe na nani? Nilikuwa nawatazama pale mezani. Yashica mume wako aliishika muda mrefu, akazungusha mpini wake, akaisikiliza, akatabasamu. Pentax aliishika kwa sababu wewe ulimpa.

Nakueleza kama mtu aliyezitumia. Pentax siisemi vibaya. Ni kweli ina lenzi tatu, lakini bila betri ni jiwe, na Yashica haijui betri ni kitu gani. Mkanda mmoja Pentax inakupa picha kumi, Yashica kumi na mbili. Ukibonyeza Pentax kioo cha ndani kinaruka kwa kishindo, mbuzi wanakimbia. Kwa sura ya mtu, ukifunga ile lenzi ndefu, sijaona ya kuifikia, inaonyesha mpaka nywele za nyusi.

Ila kuna jambo zaidi ya hayo. Kwa Pentax unamtazama mtu. Kwa Yashica unaitazama picha yake tu, ndogo, kwenye kioo, tena imegeuka, kushoto kumekuwa kulia. Kamera ya kuinamia ina adabu yake. Kama mume wako atapiga watu wa mbali, chukueni yoyote. Kama atapiga picha nyumbani kwenu Magu, chukueni Yashica.

Fikirini tena, nyote wawili.

Shangazi yako,
Modesta


Ilemela
18 Machi 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Pole na mvua na goti. Huku nako inanyesha, maji yanateremka kwenye mawe kama mtu anamwaga ndoo, na Odera amenijengea ngazi ndogo ya matofali nisiteleze nikienda bombani. Ngazi yangu mwenyewe. Nimempiga picha kwa simu akiwa na tope mpaka magotini, nikaiweka mbele ya kitabu changu cha nyimbo.

Barua yako nilimsomea karibu yote, mwishoni nikaacha kwa sababu maharage yalikuwa yanaungua. Adabu ya kamera, Shangazi? Nilicheka mpaka jirani akauliza. Hayo ni mambo ya zamani, usinichukie kwa kusema hivyo.

Sikia habari. Mwezi wa tano Baba na Mama wanafanya jubilei ya ndoa yao, na mimi nimepewa kamati ya mapambo. Ninataka Odera apige picha ya Mama, uso peke yake, tuikuze, niitundike sebuleni ili kila anayeingia aone nimetoka kwa nani. Mama yangu ni mtu wa kisasa. Ni mwalimu mstaafu, ana simu kubwa kuliko yangu. Kwa kazi hiyo Yashica haitoshi, wewe mwenyewe umeisifu ile lenzi ndefu.

Tutumie Pentax, tafadhali.

Rebeka wako


Bukoba
5 Aprili 2024

Mwanangu,

Jubilei sitafika, goti halipandi meli. Selina anakuja Mwanza kwenye semina, Pentax na lenzi zake amezibeba kwenye begi la mkononi, nimemwambia asiliache hata akienda chooni. Mwambie mume wako mkanda aukaze kwa upole wakati wa kuufunga, na betri aitoe asipoitumia.

Safari iliyopita sikuandika zaidi, na sasa siandiki. Wewe ni mke wa mtu.

Modesta


Ilemela
10 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya, kazi zilikuwa nyingi. Natumaini mmeamka salama na goti limepata nafuu.

Jubilei ilifana. Keki ilikuwa ya ngazi tatu, rangi ya krimu yenye maua ya zambarau, iliokwa na mama mmoja wa Butimba, ikasafiri mpaka Magu juu ya mapaja ya mdogo wangu bila kupata hata ufa. Kwaya iliimba vizuri. Baba alivaa ile suti aliyoivaa kwenye harusi yangu, akacheza mpaka tai ikahamia mgongoni. Baba Mkubwa Machibya alitoa ng'ombe. Pilau lilitosha, majirani wakabeba na vyombo. Kwenye turubai tulifunga vitambaa vya zambarau ili vifanane na keki, kila mtu aliuliza nani kapamba.

Mama alikuwa na mafua kidogo, akaenda kupumzika ndani mapema.

Pentax inafanya kazi. Odera anakusalimu.

Nilitaka kuuliza tu, sina haraka. Ile Yashica bado ipo? Kama ipo, tunaweza kubadilishana? Pentax ni nzito shingoni.

Rebeka


Bukoba
25 Juni 2024

Rebeka,

Marahaba. Keki nimeiona kama niliyeila. Umenipa rangi yake, aliyeioka na mapaja iliyosafiria. Mama yako umempa mstari mmoja na mafua. Magu, jua lile, mafua ya wapi? Na mume wako safari hii hana chai ya kitandani wala uso mzuri, amebaki na shingo tu.

Kaka yangu, baba yako, alinipigia simu Jumapili. Masikio yangu unayajua. Katika yote aliyosema nimeshika maneno mawili, "mkwe" na "aibu". Mengine ni upepo. Nikamwambia aniandikie, Selina akanipokea simu akasema baba yako anasema jambo kama hilo haliandikiki.

Andika wewe.

Modesta


Ilemela
16 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana. Sisi ni wazima wa mwili. Nashukuru kwa kuniuliza, ingawa nilikuwa naomba usiulize.

Ilikuwa baada ya chakula. Mama tulimkalisha kwenye kiti kilichopambwa, mbele ya turubai, wageni wote wanaona. Odera akaweka Pentax kwenye stendi, akafunga lenzi ndefu, akasimama hatua chache tu kutoka kwake. Ile kamera mtu hapigi haraka, inabidi azungushe lenzi taratibu mpaka macho ya anayepigwa yakae sawa. Mama alikuwa ameangalia chini. Odera akasema, "Mama, niangalie hapa."

Mama akawa ameinua uso. Wakatazamana, mkwe na mama mkwe, mbele ya ukoo mzima, kwa muda ambao hata mimi niliuona mrefu. Wazee waliokuwa wanacheka wakanyamaza. Kisha kamera ikapiga kile kishindo chake, na waliokuwa bado wanakula wakageuka. Mama akajifunika kanga usoni, akainuka, akaingia ndani. Hakutoka kukata keki. Baba aliikata peke yake.

Baba Mkubwa Machibya alimwita Odera pembeni akamuuliza, na Odera akakiri kosa. Baada ya wiki akaenda Magu na kaka yake Kevin kupeleka mbuzi wa kuomba radhi. Mama alijibu akiwa ndani, bila kufungua mlango, kwamba mbuzi aingie, yeye asiingie.

Tangu siku hiyo Mama akinipigia ananiuliza afya yangu na bei ya dagaa sokoni Kirumba. Mume wangu hamtaji kabisa, kama vile niliolewa na hewa. Alikuwa amepanga kuja kukaa kwetu mwezi huu, sasa anasema kuku hawana wa kuwaangalia. Mkanda wa siku ile Odera hajausafisha, ameufunga kwenye karatasi na kuuweka juu ya kabati.

Chai bado ananiletea kila asubuhi. Ndiyo inayoniunguza.

Naomba Yashica, Shangazi. Watu wa Magu wakimwona anainama watajua amejifunza. Ulikuwa sahihi, na mimi nilicheka.

Rebeka


Bukoba
2 Agosti 2024

Mwanangu Rebeka,

Marahaba. Leo naanza na aibu yangu, ya kwako itafuata.

Nilijua. Nilipoandika "adabu" nilikuwa najua sawasawa ninachokiogopa, nikakizunguka kwa sababu nilihofia utanicheka, msichana wa mjini mwenye kidato cha nne. Ukacheka, nikasusa. Mtu mzima nikasusa kama mtoto, nikakutumia mashine huku nikijua mahali itakapoelekezwa.

Ngoja nikupe nilichopaswa kukupa mwezi wa tatu. Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa hajapigwa picha maishani. Alipoanza kuumwa akasema anataka moja. Mume wangu alikuwa amesafiri kwenda Kampala kutafuta karatasi za studio, na mimi ni mkamwana, uso wa mzee yule nilikuwa siutazami hata nikimpelekea maji. Nikachukua Yashica. Nikasimama mbele yake nimeinamisha kichwa, kitambaa kimenifika kwenye nyusi, nikamwona kwenye kioo, mdogo kama ukucha, fimbo yake ya kulia imehamia kushoto. Yeye aliona utosi wa mkamwana wake. Alikaa kwa amani, akacheka na kucheka. Hakuangaliwa, alipigwa picha. Ndiyo ile iliyoko sebuleni kwangu, uliisifu mkiwa hapa.

Yashica siitumi. Akienda nayo Magu sasa, kila atakapoinama watu watasema huyo ndiye aliyekosa.

Na hapo ndipo barua yako inaponisumbua. Odera ni mtoto wa Rorya. Kwao mama mkwe anaitwa maro, na mwanamume akimwona mbele anaiacha njia apite vichakani. Wanashika jambo hili kuliko hata sisi Wasukuma. Kijana wa namna hiyo hasimami mbele ya watu akamwambia mama mkwe wake amwangalie. Umeandika "Mama akawa ameinua uso." Kiswahili hicho cha kuzunguka sikukufundisha mimi.

Nani alimwambia Odera aseme vile? Na uso wa mama yako uliinuliwa na nani?

Modesta


Ilemela
14 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Leo sikuulizi goti. Nisipoandika hili kwanza nitaandika keki nyingine.

Ni mimi.

Odera alitaka Yashica tangu siku ile mezani kwako. Melini tukirudi aliniambia kwa furaha kwamba kamera ile ataweza kumpigia hata Mama. Nilidhani anatania. Nikamwambia Mama ni mtu wa kisasa, na kwamba sitaki mume wangu asimame mbele ya ndugu zangu kama mtu anayetafuta sindano. Akanyamaza. Ananipenda, akanyamaza, mimi nikaandika "tumeamua".

Asubuhi ya jubilei, akiwa anafunga vifungo vya shati, aliniuliza tena kama Mama amekubali. Nikasema amekubali. Sikuwa nimemuuliza.

Pale kwenye turubai alielekeza kamera, kisha akageuza uso wake pembeni, akasubiri. Akaninong'oneza nimwombe Mama akae kwa upande, ampige bila kukutana macho. Wageni walikuwa wanatutazama. Mama wa kamati alikuwa amesimama karibu nami, na nilikuwa nimemsimulia mwezi mzima habari za mume wangu mpiga picha. Nikasema kwa sauti ili wote wasikie, "Usiwe mshamba, mwambie akuangalie." Watu wakacheka. Ndipo aliposema.

Mama hakuinua uso. Alibaki ameangalia mikono yake. Nikaenda, nikamshika kidevu, nikakiinua. Mkono wangu huu, Shangazi, ulimwinua Mama uso kama mtu anavyomwinua mtoto anayekataa dawa. Kidevu kilikuwa kinatetemeka kwenye vidole vyangu nami nikadhani ni furaha.

Na hilo si baya kuliko yote.

Baba Mkubwa alipomwita Odera pembeni nilikuwa nimesimama palepale na sahani mkononi. Akamuuliza, "Kijana, kwenu ndivyo mnavyofundishwa?" Odera akaniangalia. Hakuniomba kitu, aliniangalia tu. Mimi nikaangalia keki kwenye sahani. Akasema, "Nimekosa, Baba."

Ningeweza kusema wakati ule. Ningeweza kusema siku ya mbuzi, lakini nilibaki nyumbani nikidai tumbo linauma. Ningeweza kukuambia wewe kwenye barua iliyopita, nikaandika kila kitu isipokuwa vidole vyangu. Odera mwenyewe aliniambia tu, tulipofika nyumbani, kwamba yeye ni mgeni kwetu na mgeni husamehewa, mimi ningesema ningeumia zaidi. Nikakubali. Nilikubali kwa shukrani, nikamkumbatia, nikajiambia huu ndio upendo. Nilikuwa nimejificha nyuma ya mtu ninayemsifu kwa majirani.

Nilitaka ndugu zangu wote wamwone mume wangu. Wamemwona sasa. Kila mmoja kule Magu anamjua kuwa ni kijana asiye na heshima, na ni mimi niliyewaonyesha.

Barua yako nilimsomea yote, hadi jina lako. Akasema niyaache, yameshapoa. Nikamwambia yamepoa kwake kwa sababu anayabeba yeye, kwa Mama hayajapoa. Akauliza kama anisindikize. Nikakataa. Safari hii asiwepo mtu wa kujificha nyuma yake.

Jana nimempigia Mama. Nimemwomba amwite Baba Mkubwa na wale wa ukoo waliokuwa kwenye turubai ambao wataweza kufika. Akauliza kuna nini. Nikasema simu haitoshi. Akauliza kama nina mimba. Nikasema hapana. Akasema, "Basi njoo hata hivyo."

Sijui atatoka ndani au atanisikilizia nyuma ya mlango kama alivyomsikiliza Odera. Sijui Baba Mkubwa atasema nini, wala kama Mama atataka kuniona tena haraka akishajua mkono ulikuwa wa nani. Naogopa, Shangazi. Usiku nalala vizuri kuliko miezi hii yote, halafu naamka nikiwa na hofu. Lakini nitasimama palepale tulipoweka stendi, na kabla sijaketi wala kunywa maji nitasema kwamba Odera aliomba Mama akae kwa upande, na mimi ndiye niliyekataa.

Mwezi huu haujaisha. Kabla haujaisha nitakuwa nimepiga hodi Magu.

Rebeka